Skrini mbili, shingo moja

MWANAMKE mwenye umri wa miaka 27 alikuja kuniona zahanati, hapa Mtopanga, akifuatana na mamake mzazi. Kabla sijauliza lolote, mama alitangulia kusema.

"Daktari, mwanangu huyu amefanyiwa jambo. Mkono wa kulia wamfa ganzi usiku. Macho yamtoka machozi na wala halii. Na sasa hata kuswali ni shida. Akitoa salamu, upande wa kushoto shingo yageuka, upande wa kulia yakataa."

Binti mwenyewe alikuwa kimya. Nilipomwita jina, alinigeukia kwa mwili mzima kuanzia kiunoni, kama mtu aliyejitwika mtungi wa maji na kuogopa usimwagike.

Kadi yake ilikuwa mezani mbele yangu. Ilionyesha kwamba alikuwa ameshakuja mara mbili katika muda wa miezi minne, mara zote kwa ajili ya shingo hiyo hiyo. Na mara zote mbili mimi nilimwandikia vidonge vya kutuliza maumivu, nikamwambia apumzike. Nakiri mbele yako msomaji kwamba sikumuuliza apumzike kutokana na kazi gani. Foleni ilikuwa ndefu nje, na shingo inayouma ni kitu tunachokiona kila siku.

Safari hii niliweka kalamu chini. "Dada, hebu nieleze siku yako unavyoifanya, tangu unapoamka mpaka unapolala."

Kumbe yeye ni fundi wa video, na hasa video za harusi za wanawake. Wasomaji wa bara huenda wasiujue uzito wa kazi hii. Kwa desturi ya Waislamu wengi wa Pwani, sherehe ya wanawake hufanywa kando. Humo ndani mabuibui huvuliwa, hina na nywele zikaonekana, na akina mama wakacheza watakavyo. Picha za humo si za kuonwa na kila mtu. Kwa sababu hiyo mpiga picha huwa mwanamke, na yule anayezikata na kuziunga baadaye hutakiwa awe mwanamke vilevile. Mafundi wa namna hiyo si wengi. Katika wiki za kabla ya Ramadhani, na zile za baada ya Idi, binti huyu hukaa mbele ya kompyuta saa 10 hadi 12 kwa siku. Kodi ya nyumba hutoka hapo, na ada ya shule ya mdogo wake hutoka hapo pia.

Nilimwomba anichoree meza yake nyuma ya karatasi ya dawa. Alichora skrini ndogo mbele yake, ambayo ndiyo anayokatia picha. Kisha akachora skrini ya pili, televisheni ya inchi 32, iliyotundikwa ukutani upande wa kulia, juu kidogo ya kichwa. Hiyo ndiyo inayoonyesha video yenyewe ikicheza, ili aone matokeo ya kila anachokikata.

"Kwa saa moja, unaitazama ipi zaidi?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo. "Ya juu," akasema. "Hii ya mbele naitazama nikitaka kukata tu."

Basi jambo alilofanyiwa lilikuwa lile pale kwenye karatasi. Kwa miezi mingi, karibu siku nzima, shingo yake ilikuwa imepindwa kulia na kuinuliwa juu.

Picha iliyopasuliwa katikati

Siku chache baadaye, nilipofunga zahanati baada ya Isha, nilipita dukani kwake nijionee. Ni chumba kimoja cha mabati, chenye feni, kiti cha plastiki, na mlango ulioelekea barabarani. Wateja watatu walikuwa wakingoja. Mmoja wao alimwambia, "Tutandazie kote kote, tuone kama sinema."

Akaitandaza. Televisheni alikuwa ameiteremsha mezani kwa ajili ya wateja, ikawa bega kwa bega na ile skrini ndogo, na video moja ikaenea kwenye zote mbili. Bi harusi alitoka skrini ya kushoto, akafika kwenye fremu, akapotea nusu uso, kisha akatokea upande wa pili akiwa mweupe zaidi na mrefu zaidi, maana skrini zile hazikulingana kwa mwanga wala kwa kimo. Wateja walipiga vigelegele. Mimi, niliyekuwa nimesimama karibu mno, nilihisi kichefuchefu baada ya dakika tano.

Jambo hili si geni. Macintosh II ya mwaka 1987 iliweza kutumia zaidi ya skrini moja, na tangu Windows 98 kompyuta ya kawaida imekuwa na uwezo wa kuhesabu skrini mbili kama meza moja pana. Tangu waya wa baharini wa TEAMS ulipofika Mombasa mwaka 2009, kazi za kompyuta zimehamia mitaani, na skrini za mitumba zimekuwa rahisi kupata. Utaziona mbili mbili kwa mawakala wa forodha, kwa walinzi wanaotazama kamera za usalama, na kwa vijana wanaofanyia kampuni za ng'ambo kazi za mtandaoni wakiwa vyumbani mwao. Nikiri pia kwamba zina faida. Mhasibu mwenye hesabu upande mmoja na barua upande wa pili humaliza kazi yake mapema.

Lakini video si sawa na hesabu. Tarakimu hukaa kimya zikikungoja. Picha inayotembea huliburuta jicho, na jicho likifika mwisho wa safari yake hukiburuta kichwa. Isitoshe, mpiga picha hupenda kuuweka uso wa mtu katikati ya picha, na ukiitandaza video kwenye skrini mbili, katikati ndipo hasa fremu zinapokutana. Hapo macho hukosa pa kutulia. Huhangaika kushoto na kulia, huku mboni zikipanuka na kusinyaa kwa sababu upande mmoja una mwanga mkali kuliko wa pili.

Ama kichefuchefu changu kina maelezo yake. Ubongo hujua kama mwili unatembea kwa kuuliza pande mbili kubwa, macho na kiungo cha mizani kilichomo ndani ya sikio. Mtu anayesoma gazeti ndani ya matatu, sikio lake husema tunakwenda, macho yaliyo gazetini husema tumetulia, naye hutapika akifika Bombolulu. Anayekaa karibu na video pana hupatwa na kinyume chake. Picha zimemjaa mpaka pembeni mwa macho, nayo macho yanasema tunakwenda, ilhali sikio linasema tumekaa kwenye kiti cha plastiki. Ukirudi nyuma hatua mbili, picha huwa ndogo machoni na ugomvi huo huisha.

Kuna wachache ambao kwao jambo hili ni zito zaidi. Tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukibadilishana upesi, takriban mara 12 kwa sekunde. Watu 685, wengi wao watoto, walikimbizwa hospitalini kwa ambulensi, baadhi yao wakiwa na mitukutiko ya kifafa. Si kila mwenye kifafa hudhuriwa na mwanga wa kumetameta. Walio hivyo ni sehemu ndogo tu. Lakini kwa hao wachache, kadiri picha inavyojaza macho ndivyo hatari inavyozidi, na taa za disko za harusi zikitandazwa kwenye skrini mbili ndani ya chumba chenye giza ni mtego. Mtu wa aina hiyo akishtukizwa na mwanga kama huo, na afunike jicho moja kwa kiganja, ageuze uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, maana mwanga mkali hupenya kope.

Kilo 5 juu ya kijiti

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, yaani pakiti mbili na nusu za unga wa kilo mbili mbili. Kikikaa wima juu ya pingili saba za shingo, mifupa hubeba sehemu kubwa ya uzito huo, na misuli husaidia tu. Kikiinama au kupinda, misuli ya upande wa pili hulazimika kukishikilia kisianguke. Mwaka 2014 daktari mmoja mpasuaji wa uti wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwamba kichwa kilichoinamishwa nyuzi 60, kama anavyofanya mtu anayesoma simu mapajani, huilemea shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 27. Ni hesabu ya kompyuta, haikupimwa shingoni mwa watu, kwa hivyo sitaki uichukue kama kipimo cha mizani ya sokoni. Bali inaonyesha njia uzito unakoelekea.

Msuli uliokazwa muda mrefu bila kulegezwa haupati damu ya kutosha. Huanza kwa kuchoka, kisha huuma, halafu hukaza wenyewe ili kujilinda, na kukaza huko huongeza maumivu. Ndiyo shingo inayokataa kugeuka asubuhi.

Ganzi ya mkono nayo ina njia yake. Kati ya pingili na pingili, kila upande, pana tundu ambamo hupita mshipa wa fahamu unaoshuka mpaka kwenye bega, mkono na vidole. Ukigeuza kichwa kulia na kukiinua, matundu ya upande wa kulia husinyaa. Mtu mwenye afya akifanya hivyo kidogo hana neno. Akikaa hivyo saa 10, siku baada ya siku, mshipa hubanwa na kuvimba. Ndiyo sababu binti huyu mkono wake wa kulia ndio uliokuwa ukifa ganzi, na wa kushoto mzima.

Hata hivyo, msomaji asifikirie kila ganzi ya mkono inatoka shingoni. Wanaoshika kipanya cha kompyuta siku nzima huku kifundo cha mkono kimekunjwa huweza kubanwa mshipa pale pale kifundoni. Hao huamka usiku wakikung'uta mkono, na ganzi huwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kisukari pia huleta ganzi, na aghalabu huanzia miguuni. Kwa hivyo nilimpima sukari, nikampima nguvu za vidole na hisia za ngozi, nikagonga viwiko kwa nyundo ya mpira. Nguvu zilikuwepo. Hapo nikajua tuna muda.

Mama aliuliza kama amrudishe kwa mkandaji. Nikamwambia kukanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, taratibu, mabegani na nyuma ya shingo, hakuna ubaya na huleta raha. Nisichokitaka ni kupinda. Na hapa nigeuke kidogo kwa wanaume. Wengi wenu mkimaliza kunyolewa, kinyozi hukamata kidevu na kisogo, akapinda ghafla mpaka palie "ka!", nanyi mkashukuru. Ndani ya mifupa ile ya shingo hupita mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Ni nadra, lakini mshipa huo huweza kuchanika kwa pigo la namna hiyo na kuleta kiharusi kwa kijana asiye na ugonjwa wowote. Mwambie kinyozi wako aishie kwenye poda.

Macho makavu yanayotiririka

Nilipowaambia kwamba macho ya binti yana ukavu, mama alinitazama kama aliyesikia mzaha. "Makavu vipi, daktari, na hayo yanatiririka?"

Swali lake ni la haki. Jicho lina utando mwembamba wa machozi, na kila tunapopepesa, kope huupaka upya kama mfagio wa kioo cha gari. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika. Anapokazia skrini, idadi hiyo hupungua chini ya nusu, na mara nyingi kope hazifungi kikamilifu. Anayefuata mkono wa bi harusi ili akate picha sekunde ile ile husahau kupepesa kabisa. Utando hukauka, jicho huwasha kana kwamba limeingiwa na mchanga, nalo kwa kujitetea humwaga machozi mengi kwa mkupuo. Hayo ni machozi ya maji matupu, hayana mafuta ya kuyashika, kwa hivyo hutiririka shavuni na kuliacha jicho kavu vilevile.

Mtu atasema Mombasa ina unyevu, ukavu unatoka wapi? Unatoka kwenye feni. Dukani kwake feni ilikuwa mezani, ikimpulizia usoni moja kwa moja tangu asubuhi. Tena televisheni ilikuwa juu. Anayetazama juu hufumbua macho zaidi, na eneo linalokauka huwa kubwa. Anayetazama chini kidogo, kope za juu humfunika nusu ya jicho na kumlinda.

Kuhusu miale, ambayo mama pia aliiulizia, skrini bapa za siku hizi hazitoi miale ya eksirei. Zile za zamani zenye kisogo kirefu zilitengeneza kidogo ndani yake, na kioo chake kizito kiliizuia. Binti alikuwa pia amenunua miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Uchunguzi wa taasisi ya Cochrane uliochapishwa mwaka 2023, uliokusanya tafiti 17, ulionyesha kwamba miwani hiyo yamkini haipunguzi uchovu wa macho ikilinganishwa na miwani ya kawaida, angalau kwa muda mfupi. Aliyeinunua anaweza kuivaa, haidhuru, ila pesa zake zimekwenda.

Kichupa mkobani

Mambo haya yote hayangenitia hofu. Kilichonitia hofu kilitoka mkobani. Nilimuuliza kama anatumia dawa yoyote ya macho, naye akatoa kichupa cha matone, kidogo kama kidole.

"Yanasaidia sana," akasema. "Nikitia, wekundu unaondoka papo hapo."

Nilisoma maandishi ya pembeni. Ilikuwa dawa ya viini iliyochanganywa na deksamethasoni, ambayo ni ya jamii ya steroidi. Aliinunua dukani bila cheti cha daktari, na ilipokwisha akanunua nyingine. Nilimuuliza tangu lini. Akahesabu kwa vidole: miezi mitano.

Naomba msomaji asome sehemu hii kwa utulivu. Matone ya steroidi ni dawa nzuri mkononi mwa daktari wa macho. Huzima uvimbe upesi, na ndiyo maana jicho huwa jeupe ndani ya siku moja na mgonjwa akaipenda. Lakini kwa baadhi ya watu, wakiitumia kwa wiki nyingi, maji yaliyomo ndani ya jicho hushindwa kutoka vizuri na presha ya jicho hupanda. Presha hiyo huula mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Haiumi. Jicho halibadiliki rangi. Uoni huanza kupotea pembeni, na mtu hatambui mpaka umebaki katikati tu kama anayechungulia kwenye bomba. Ugonjwa huo huitwa glaukoma, na uoni ulioliwa nao haurudishwi kwa dawa wala kwa upasuaji. Sisi watu weusi hupatwa nao zaidi, na mapema zaidi, kuliko Wazungu. Matumizi ya muda mrefu ya matone hayo huweza pia kuleta mtoto wa jicho, na huyaacha macho wazi kwa wadudu.

Nilimwandikia barua siku ile ile avuke daraja la Nyali kwenda kliniki ya macho, katika Hospitali Kuu ya Pwani ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara. Presha ya jicho la kulia ilikuwa 32, na la kushoto 30. Kwa kawaida haizidi 21. Mshipa wenyewe ulikuwa bado mzima. Wangechelewa miezi mingine mitano, sijui ningeandika nini leo.

Matone yakasimamishwa kwa uangalizi, akapewa dawa ya kuishusha presha kwa muda. Kwa macho makavu alipewa machozi ya bandia, yasiyo na steroidi. Wewe uliyeandikiwa steroidi na daktari wa macho, usiiache kwa sababu ya makala haya, mrudie umuulize. Uliyejinunulia mwenyewe, peleka kichupa chako usomewe.

Meza ilivyopangwa upya

Sikuwa na dawa mpya ya shingo. Nilikwenda dukani kwake Jumapili moja, na kwa muda wa saa moja hivi tukahamisha vitu.

Televisheni ilitolewa ukutani kwa jumla na kuwekwa juu ya meza, mbele yake hasa, kwa kuwa ndiyo aitazamayo zaidi. Ukingo wake wa juu ukawa sawa na macho yake au chini kidogo, na umbali wake kupita urefu wa mkono, maana ni kubwa. Skrini ndogo ikakaa kushoto, imeegemezwa kuelekea kwake, kimo kimoja na ile nyingine. Ilipokuwa fupi tuliiinua kwa matofali mawili yaliyofungwa kitambaa. Mwanga tukausawazisha, isiwe moja inang'aa na nyingine imefifia. Laiti angekuwa anazitumia zote mbili sawasawa, ningezipanga kama kitabu kilichofunguliwa, pua yake ikielekea kwenye maungio. Wengi hupanga hivyo hata kama wanatumia moja tu, kisha wakashangaa mbona shingo imepinda.

Kiti cha plastiki kiliongezwa mto mgumu mpaka viwiko vikawa sawa na meza, na kibao kikawekwa chini ya miguu isining'inie. Feni ikageuzwa impulizie mgongoni. Taa ikahamishwa isimulike kwenye kioo.

Kisha kuna mapumziko. Mpimaji macho wa California, Jeffrey Anshel, alianzisha katika miaka ya 1990 kanuni ambayo ni rahisi kukumbuka: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani mita 6, kwa sekunde 20. Utafiti wa kuithibitisha si mwingi, nami naona sekunde 20 ni chache, lakini ni afadhali kuliko kukaa kama sanamu. Mlango wake umeelekea mwembe ulio ng'ambo ya barabara. Nikamwambia ahesabu maembe. Aidha, swala tano humwinua kitini kwa hakika, na akirudi ananyoosha mabega na kugeuza shingo polepole pande zote mbili kabla ya kukaa. Ile salamu ya kulia ikawa ndicho kipimo chetu. Wiki ya pili aligeuka nusu, ya tano akageuka yote.

Wateja hawakupenda. Mmoja alilalamika kwamba harusi ya dadake imeonyeshwa kwenye skrini moja kama taarifa ya habari. Sasa wamepatana: video ikishakamilika, huitandaza kwenye zote mbili kwa dakika chache, wateja wakiwa wamekaa nyuma karibu na mlango, na yeye amesimama kando.

Walioajiriwa wasidhani haya ni hisani ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi, vifaa na majukumu vinamfaa mfanyakazi. Kiti kibovu mbele ya skrini mbili ni jambo la kumwandikia meneja, si la kuvumilia mpaka mkono ufe ganzi.

Na zipo dalili zisizongoja kupangwa kwa meza. Mkono ukipoteza nguvu, vitu vikawa vinakuponyoka. Miguu ikiwa mizito au ukashindwa kuzuia mkojo. Maumivu ya shingo yakifuatana na homa na kichwa kikali. Ukianza ghafla kuona vitu viwili viwili, au uso ukaenda upande. Jicho likiuma sana, likawa jekundu na uoni ukafifia, au ukaona kama pazia limeshuka. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku.

Baada ya wiki sita presha ya macho ya binti ilikuwa imeshuka hadi 17. Nilipomsomea majibu, nilimweleza mamake kwamba wale ambao presha yao hupandishwa na steroidi, mara nyingi huwa na ndugu wa damu mwenye glaukoma. Nikamuuliza kama yeye amewahi kupimwa macho.

"Mimi?" akacheka. "Mimi macho yangu mazima. Ni mlango tu wa jikoni, siku hizi nagonga bega kila nikiupita."

"Bega gani, mama?"

"La kushoto."

Alikwenda Makadara wiki iliyofuata. Mshipa wa jicho la kushoto ulikuwa umeshaliwa sehemu, na wa kulia umeanza. Kilichopotea kimepotea, lakini kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya tone moja kila jicho, kila usiku, maisha yake yote. Mwenyewe mikono inamtetemeka, tone humwangukia shavuni. Kwa hivyo ikifika saa tatu usiku, hata wateja wakiwa mlangoni, binti husimamisha video kwenye skrini zote mbili, akanawa mikono, akamwinua mamake kidevu.